Mfumo ukisema wakala kaiba, bosi anamwamini nani? Sakata la Horizon na viongozi wa teknolojia

#1 – Mleta uzi

Habari za muda huu wakuu. Uzi ni mrefu, ila naomba mtu asome mpaka chini kabla hatujaanza kubishana, hasa nyie mnaojenga mifumo na nyie mabosi mnaoisimamia, maana jambo hili linaniuma kweli na sioni likiongelewa sana huku kwetu.

Nataka kuongelea Posta ya Uingereza, Post Office, na sistimu yao ya hesabu inaitwa Horizon. Wengine mtakuwa mliisikia Januari 2024 kule walipoonyesha tamthilia yake kwenye televisheni na nchi nzima ikachemka, lakini kitu chenyewe ni cha zamani, kilianza 1999.

Iko hivi. Matawi mengi ya posta kule hayaendeshwi na wafanyakazi wa posta, yanaendeshwa na mawakala. Mtu ana duka lake kijijini, anauza maziwa na magazeti, pembeni ana dirisha la posta, hapo anauza stempu, anawalipa wazee pensheni zao, anapokea pesa za watu. Hesabu zikipungua kwa uzembe wake au kosa lake mkataba unasema analipa yeye, na Posta wakawa wanauchukulia mkataba huo kama vile shoti yoyote ile ni ya wakala. Matawi mengi yalikuwa yanafanya hesabu kwenye makaratasi, kuanzia 1999 wakafungiwa Horizon, iliyotengenezwa na ICL, kampuni iliyokuwa chini ya Fujitsu ya Japani. Basi watu ambao miaka yote walikuwa wanafunga hesabu vizuri wakaanza kupata shoti zisizoelezeka. Jioni unafunga, kompyuta inasema zimepungua pauni 2,000, unahesabu pesa upya, unapekua risiti, hamna kitu. Kuna mama mmoja wa kijiji cha Hampshire, Jo Hamilton, alipiga namba ya msaada akaelekezwa bonyeza hapa bonyeza pale, na shoti ikawa mara mbili palepale kwenye skrini huku anaangalia.

Sasa hapo ndipo panapouma. Kwa sheria za kule mtu au taasisi inaweza kufungua kesi ya jinai yenyewe bila kupitia polisi, kwa hiyo Posta ndiyo iliyosema imeibiwa, wapelelezi ni wake, waendesha mashtaka ni wake, na ushahidi mkuu ni kompyuta yake. Kati ya 1999 na 2015 walitiwa hatiani watu zaidi ya 900, na kama 700 hivi kati yao walishtakiwa na Posta wenyewe, wengine na taasisi nyingine lakini kwa data hiyohiyo ya Horizon. Watu walifungwa. Seema Misra wa West Byfleet alihukumiwa miezi 15 mwaka 2010 akiwa mjamzito. Lee Castleton wa Bridlington alipiga namba ya msaada mara 91 kuomba waje waangalie sistimu, mwisho Posta wakampeleka mahakamani kudai kama pauni 25,000, akajitetea mwenyewe bila wakili, akashindwa, akabebeshwa gharama za kesi pauni 321,000, akafilisika. Wengi wengine waliuza nyumba au wakakopa kwa ndugu ili walipe deni ambalo halikuwepo.

Na karibu kila aliyepiga simu kulalamika aliambiwa sentensi moja: ni wewe peke yako mwenye tatizo hili. Mamia ya watu, nchi nzima, kila mmoja peke yake.

Ninachotaka tujadili ni uongozi. Sistimu kuharibika ni kawaida. Ila taasisi nzima kukaa miaka karibu 20 inaiamini mashine dhidi ya watu wake, hiyo haiwezi kutokea bila watu wa juu kuchagua ni habari gani wanataka kuzisikia. Na kuna barua pepe moja ambayo kwangu mimi inaonyesha jambo lote. Januari 2015 mkurugenzi mtendaji, Paula Vennells, alikuwa anaenda kuhojiwa na kamati ya bunge. Swali moja lililokuwa linasumbua ni kama watu wa Fujitsu wanaweza kuingia kwenye hesabu za tawi kutoka mbali bila wakala kujua. Akawaandikia wasaidizi wake kuuliza ukweli ni upi, na humohumo akaandika kwamba anatumaini jibu ni kuwa haiwezekani, na kwamba anahitaji kusema haiwezekani, wao wamletee sababu. Barua hiyo ilikuja kusomwa hadharani kwenye tume ya uchunguzi baadaye.

Hebu jiweke kwenye nafasi ya yule meneja aliyeipokea. Bosi wako mkubwa kakuuliza swali na jibu kalitaja. Utamwandikia nini?

#2 – Mchangiaji

Mkuu umeandika vizuri ila mimi ni developa na nakataa kidogo. Hakuna sistimu isiyo na bagi (kasoro ya programu) duniani, na matawi yalikuwa maelfu kwa maelfu, miamala mamilioni kwa wiki, sasa hata ikikosea mara chache ni lazima wachache waumie. Tatizo hapa ni programu mbovu ya Fujitsu, mambo ya uongozi tunayaingiza tu kwa sababu ni rahisi kumlaumu bosi. Wangeandika programu vizuri na kuipima vizuri kusingekuwa na kesi hata moja.

#3 – Mleta uzi

Nakuelewa mkuu, ila angalia zile bagi zenyewe zilivyokuwa halafu uniambie.

Moja iliitwa Callendar Square, kwa jina la tawi la Falkirk kule Scotland ilipogundulika mwaka 2005. Ilitokana na mashine za tawi moja kushindwa kupeana taarifa sawasawa, pesa ikihamishwa toka stoku moja (fungu la pesa na stempu ndani ya tawi) kwenda nyingine inaweza kuingia mara mbili. Watu wa Fujitsu waliijua, na ilikuwepo miaka kadhaa kabla ya hapo. Nyingine ni ya Dalmellington, 2015, wakala alikuwa anahamisha pauni 8,000 kwenda tawi dogo, skrini ikaganda, akabonyeza tena kama ambavyo mimi na wewe tungefanya, na kila alipobonyeza sistimu ikaandika muamala mpya, akaishia na tofauti ya pauni 24,000. Zote hizi zilikuwa na rekodi ofisini, zina majina, zina watu waliokaa wakazishughulikia.

Kwa hiyo upande mmoja wa jengo mafundi wanajua sistimu inaweza kurudia muamala, upande mwingine wa mnyororo huohuo wapelelezi wanamwambia mama wa watu kwamba sistimu haikosei na wewe ni mwizi. Mwaka 2024 bosi wa Fujitsu Ulaya, Paul Patterson, alienda bungeni akaomba radhi na akakubali kwamba kasoro zilijulikana tangu mwanzo mwanzo. Sasa hiyo ni bagi ya programu au ni bagi ya watu waliokuwa kati ya fundi na mahakama?

Halafu hili la kuingia kutoka mbali. Mwaka 2008 kiongozi mmoja wa chama cha mawakala alitembelea ofisi za Fujitsu Bracknell, na alisimulia kwamba alimuona mtu pale akibadilisha takwimu za tawi mbele ya macho yake. Posta wakakana kwa miaka mingi. Ukweli ukatoka kwenye kesi ambayo mawakala walikuja kuifungua dhidi ya Posta, watu wa Fujitsu walikuwa wanaweza.

#4 – Mchangiaji

Salaam wadau, niko Kenya na ni wakili, wacha niongeze la sheria maana hapo ndipo wengi hawaoni.

Uingereza walikuwa na kifungu cha 69 cha sheria yao ya polisi na ushahidi wa jinai ya 1984, kilikuwa kinataka upande unaoleta ushahidi wa kompyuta uonyeshe kwanza kompyuta yenyewe ilikuwa inafanya kazi sawasawa. Kikafutwa na sheria ya 1999. Baada ya hapo mahakama inachukulia kompyuta iko sawa mpaka anayepinga alete sababu ya kuitilia shaka. Sasa muuza duka wa kijijini ataleta sababu gani na rekodi zote ziko kwa anayemshtaki? Ona jinsi miaka ilivyogongana, sheria inalegezwa na Horizon inafungwa madukani wakati uleule.

Hapa kwetu Sheria ya Ushahidi kifungu cha 106B bado inataka cheti kinachoonyesha kompyuta ilikuwa inatumika na kufanya kazi vizuri. Lakini niwaambie ukweli, mara nyingi cheti kinawekwa saini na mtu wa ofisi ileile inayolalamika na hakuna anayemuuliza maswali. Mawakili wenzangu wengi wanapinga cheti kama hakipo, kikiwepo basi wanakaa kimya.

#5 – Mchangiaji

Mimi ni mwanamke nilikuwa na kibanda cha uwakala wa pesa kwa simu, uzi huu umenigusa hadi nimeshindwa kupita kimya. Kampuni siitaji. Mteja alikuja kutoa laki tatu, mtandao ukasumbua, meseji haikuja, nikarudia, baadae jioni nafunga hesabu floti na keshi havisomani kabisa. Napiga huduma kwa wateja wananiambia dada angalia vizuri labda ulimpa mteja mara mbili. Nikaambiwa niandike barua, nikaandika, nikaambiwa nisubiri, nikasubiri. Pesa ilikuja kurudishwa baadae sana, bila maelezo, bila hata samahani, na wakati huo mtaji ulishakata nimeshafunga kibanda. Kilichoniumiza zaidi ya hela ni mume wangu mwenyewe kuniuliza kama kweli sijui ilikoenda. Kwa hiyo hao mama zetu wa Uingereza nawaelewa sana, kuambiwa mwizi na mashine halafu kijiji kizima kinakuangalia.

#6 – Mleta uzi

Dada pole sana. Na hapo kwenye majirani umesema jambo zito, kwa sababu kwenye ushahidi wa tume wengi wameeleza hivyohivyo, watoto kutukanwa shuleni, watu kutemewa mate barabarani. Ripoti ya kwanza ya tume inayoongozwa na Sir Wyn Williams, iliyotoka Julai 2025, imesema huenda watu 13 walijiua kwa sababu ya jambo hili. Kumi na tatu wakuu.

Kwa upande wa Jo Hamilton ilikuwa kinyume, kijiji kilisimama nae, walimchangia pesa na wakaenda nae mahakamani. Wanakijiji walimjua, hawakuhitaji kujua kompyuta.

Wakili, ahsante kwa hilo la sheria, ndilo linanifanya niseme wajenzi wa mifumo tuna wajibu kuliko tunavyojiona. Tunachokiandika kinaenda kuwa shahidi.

#7 – Mchangiaji

Samahani mleta uzi, mimi nimekuwa meneja wa IT miaka mingi na nadhani mnawaonea viongozi. Mkurugenzi mtendaji hawezi kusoma kila tiketi ya bagi, yaani kila taarifa ya kasoro inayoandikishwa. Anategemea ripoti. Kama watu wa chini walimficha, kama wanasheria walimwambia kila kitu kiko sawa, kama Fujitsu walimhakikishia sistimu ni imara, mlitaka afanyeje? Aende mwenyewe kuhesabu pesa Falkirk? Na huyo mama Vennells mwenyewe amesema kwenye tume kwamba alikuwa anawaamini kupita kiasi watu waliokuwa wanampa taarifa. Nyie mkikaa kwenye kile kiti mtafanya hivyohivyo.

#8 – Mleta uzi

Hoja nzuri na sitaki kuipita juujuu. Kweli hakuna bosi anayesoma kila tiketi. Lakini hapa taarifa hazikukosekana mkuu, zilifika, tena kwa maandishi, na nyingine waliziagiza wenyewe.

Mei 2009 gazeti la Computer Weekly lilitoa habari za mawakala saba wenye malalamiko yanayofanana. Mwaka huohuo Alan Bates, aliyekuwa ameshapokonywa tawi lake kule Wales, akawakusanya wenzake wakaunda umoja wao. Hapo tu ile ya "ni wewe peke yako" ilitakiwa kufa. 2012 Posta yenyewe ikaajiri wachunguzi wa hesabu wa nje, Second Sight, na Julai 2013 ripoti yao ya awali ikataja kasoro. Mwezi huohuo mwanasheria aliyekuwa anawafanyia kazi, Simon Clarke, aliandika ushauri kwamba yule mtaalamu wa Fujitsu anayetoa ushahidi kwenye kesi alikuwa anajua kasoro na hakuzisema mahakamani, kwa hiyo hafai tena kuwa shahidi. Mtu aliyefungwa kwa ushahidi ule alitakiwa aambiwe kesho yake. Waliambiwa lini? Waraka ule ulikuja kujulikana nje kwenye rufaa, miaka saba baadae. Second Sight nao wakaondolewa 2015, kazi yao ilipoanza kuuma.

Halafu mawakala 555 wakaenda mahakama kuu. Posta ikatumia mamilioni ya pauni kupigana nao. Machi 2019 jaji Fraser alipotoa hukumu ya kwanza dhidi ya Posta, Posta wakaomba jaji aondolewe kwenye kesi! Wakakataliwa. Desemba 2019 akatoa hukumu ya pili kuhusu sistimu yenyewe, akafananisha msimamo wa Posta na mtu wa karne hii anayeshikilia kwamba dunia ni bapa. Wakamalizana kwa pauni milioni 57.75, ila ukitoa gharama za kesi wakabaki na kama milioni 12 tu za kugawana watu 555. Fidia ya maana imekuja baadae kwa pesa ya serikali, na Mei 2024 bunge likapitisha sheria ya kufuta hukumu zile kwa pamoja.

Kwa hiyo hilo la kuwaamini watu wa chini, mimi naliona hivi. Watu wa chini hawakuzaliwa waoga. Wanajifunza. Ukileta habari mbaya ukaulizwa maswali ya kukuelewa, kesho unaleta nyingine. Ukileta ukaulizwa "tunaelezaje hii", au ukanyamaziwa, au ukaona aliyeileta kabla yako kaondolewa, basi umeshapata somo lako. Ndiyo maana ile barua pepe ya 2015 naing'ang'ania. Swali likija na jibu lake ndani, aliye chini hapewi kazi ya kutafuta ukweli, anapewa kazi ya kutafuta sababu. Na bosi akija kusema hakuambiwa, anasema kweli kabisa, kwa sababu alishapanga asiambiwe.

#9 – Mchangiaji

Duh hapo kwenye mstari wa mwisho nimesimama kwa muda. Sasa mkuu tupe na upande wa pili, kuna kampuni yoyote iliyowahi kuharibu vibaya na viongozi wake wakafanya inavyotakiwa? Maana isije ikawa tunalaumu tu.

#10 – Mleta uzi

Ipo, na mimi huwa naipenda GitLab, wale wanaohifadhi kazi za madevelopa. Tarehe 31 Januari 2017 usiku injinia wao alikuwa anahangaika na databesi mbili zilizokuwa haziendi sambamba, kachoka, akataka kufuta data kwenye seva ya akiba ili aanze upya, kumbe yuko kwenye seva kuu. Alipostuka na kuikatiza amri, kati ya kama GB 300 zilibaki GB 4.5 hivi.

Wakaenda kwenye bakapu, yaani nakala za akiba. Walikuwa na njia tano za kuhifadhi data, na hakuna iliyokuwa inafanya kazi ya kutegemewa. Ile ya kila siku ilikuwa inafeli kimyakimya kwa sababu toleo la programu ya kunakili halikulingana na toleo la databesi, na barua pepe za kuwaonya kwamba inafeli zilikuwa zinakataliwa na mtandao wa barua. Kilichowaokoa ni nakala ambayo injinia huyohuyo aliichukua kwa mkono masaa kama sita kabla kwa ajili ya kazi nyingine.

Sasa angalia walichofanya. Waliweka wazi waraka wao wa kazi mtandaoni watu wasome kila hatua, wakarusha urejeshaji wa data moja kwa moja YouTube, maelfu ya watu wakawa wanaangalia. Injinia hakufukuzwa, na hawakumtaja jina, kwenye maelezo yao waliandika namba ya mwanatimu. Baada ya siku kama kumi wakachapisha maelezo kamili: nini kilifutwa, kwa nini bakapu zilifeli, nani alitakiwa kuzikagua, na jibu la hilo lilikuwa kwamba hakuna mtu aliyekuwa amepewa jukumu hilo. Mkurugenzi wao wa wakati huo Sid Sijbrandij akaomba radhi kwa jina lake. Data ya masaa sita ilipotea kabisa, miradi kama 5,000 iliguswa.

#11 – Mchangiaji

Ni mimi wa #7. GitLab mnaipamba, ile ni kampuni ya madevelopa, wateja wao wanaelewa databesi. Ukirusha YouTube benki inavyohangaika na data ya wateja wa kawaida kesho asubuhi foleni inazunguka jengo. Hata hivyo nakubali la bakapu, kazini kwetu kuna bakapu nazisaini kila mwezi na sijawahi kuona mtu akijaribu kurudisha data kutoka humo. Jumatatu nitauliza.

#12 – Mleta uzi

Hapo kwenye benki upo sahihi, siyo kila kitu cha kurusha hewani, na kuna kasoro za usalama ukizitangaza kabla hujaziba unawakaribisha wezi. Ninachodai ni kidogo kuliko hicho. Mtu anayedaiwa na sistimu yako apewe rekodi za sistimu hiyo. Zile ghafi, muda, namba ya muamala, nani kaingia na kwa akaunti gani, zote. Kama fundi wako anaweza kugusa salio la wakala, kila mguso uandikwe mahali ambapo fundi mwenyewe hawezi kufuta, na wakala auone. Anayepokea simu za malalamiko awe na uwezo wa kuona kwamba jana wengine kumi walilalamika hivihivi, na marufuku kumwambia mtu yuko peke yake kama hujaangalia. Na orodha ya bagi zinazojulikana ikae mezani kwa wanasheria kabla hawajafungua kesi dhidi ya mtu yeyote.

Hakuna hata kimoja hapo kinachohitaji teknolojia mpya. Fujitsu walikuwa na rekodi ghafi za miamala tayari, na Posta walikuwa wanalipia kila walipoziomba kupita idadi ya kwenye mkataba.

Dada wa #5, kama bado una zile barua na meseji za siku ile zitunze, usizifute. Na wakili wa #4, naomba kama una nafasi utufungulie uzi wa peke yake kuhusu hicho cheti cha 106B, ni maswali gani wakala au keshia anaweza kumuomba wakili wake amuulize aliyekisaini. Nitachangia upande wa sistimu.